Onyesho langu halimshiki mtazamaji: nakosea wapi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nimepiga filamu fupi ya dakika 12, ya kwanza kwangu. Onyesho ninalolitegemea zaidi lina dakika 4: msichana mfanyakazi anaingia usiku katika ofisi ya bosi wake na kupekua droo, akitafuta daftari la hesabu lenye ushahidi wa wizi. Akiwa ndani, bosi anarudi ghafla. Nimeweka muziki mzito, nimekata shoti harakaharaka, kamera nimeishika mkononi ili itikisike. Wenzangu walipoitazama walisema "si mbaya", na mmoja nilimwona anachungulia simu sekunde chache kabla bosi hajafungua mlango. Taharuki inajengwaje ndani ya onyesho moja, bila kuegemea hadithi nzima?

JIBU: Nianze na huyo mwenzako wa simu. Usimnunie. Amekuonyesha kwa usahihi kabisa mahali onyesho lako lilipolegea, na kwa bahati mbaya ni palepale ulipodhani umekaza kamba.

Tatizo umeliandika mwenyewe bila kujua: "bosi anarudi ghafla." Neno hilo, ghafla, ndilo lililokuponza. Onyesho lina dakika 4. Tuseme bosi anatokea dakika ya 3 na nusu. Maana yake kwa dakika 3 na nusu mtazamaji amekuwa akimwangalia msichana anafungua droo na kuzifunga. Muziki unamwambia aogope, lakini macho hayajaonyeshwa cha kuogopa, na mtu haogopi kwa kuamriwa. Atavumilia kidogo kwa adabu, kisha mkono utakwenda mfukoni.

Ulichojenga ni mshtuko. Mshtuko una kazi yake na siudharau, ila unadumu sekunde chache, na ukiurudia ndani ya onyesho hilohilo watu watacheka. Taharuki ni kitu kingine. Mfano maarufu wa tofauti hiyo ni ule alioutoa Alfred Hitchcock, mwongozaji aliyesifika kwa filamu za taharuki, alipohojiwa na mwongozaji wa Ufaransa, François Truffaut, mwaka 1962. Watu wamekaa mezani wanaongea mambo ya kawaida, na chini ya meza kuna bomu. Kama mtazamaji hajui, bomu likilipuka anapata sekunde 15 za mshtuko. Lakini kama alimwona mtu akilitega, anajua litalipuka saa 7 kamili, na pale chumbani kuna saa inayoonyesha saa 7 kasorobo, basi mazungumzo yaleyale ya kupoteza muda yanageuka dakika 15 za mateso.

Mfano huu umenukuliwa mno, hadi watu wanaukariri nusu. Wote wanalikumbuka bomu, ile saa ya chumbani wanaisahau. Mimi naona saa ndiyo yenye kazi kubwa. Iondoe, ubakize bomu peke yake, na mtazamaji anabaki na wasiwasi wa jumla tu, kama wa mtu aliyeambiwa kwamba siku moja kutakuja mvua. Ukiirudisha anaanza kupiga hesabu: zimebaki dakika 12, huyu akimaliza kikombe chake watainuka, zimebaki 9, mbona anaagiza kingine? Hakuna aliyemwambia ahesabu. Akili ya binadamu ikipewa vitu viwili vinavyokaribiana, inapima umbali uliobaki kati yake bila kuombwa.

Kwa hiyo ukiniuliza taharuki ya onyesho moja inajengwaje, nitakujibu hivi: mpe mtazamaji kitu cha kuhesabu, halafu usimwache amalize hesabu yake kwa raha. Inaweza kuwa dakika, hatua za miguu, kurasa, au hata chupa. Nasema chupa kwa sababu mfano bora ninaoujua ni wa chupa. Katika Notorious, filamu ya Hitchcock ya mwaka 1946, mwanamke ameiba ufunguo wa stoo ya mvinyo ya mumewe, na usiku wa karamu anampa mpelelezi ili wakapekue huko chini. Hatari yao ni moja: mume akishuka stoo, wamekwisha. Atashuka lini? Shampeni ya juu ikipungua. Basi kila baada ya muda tunaonyeshwa chupa zilizolazwa kwenye barafu, na kila zikionekana ni chache zaidi. Wageni wanakunywa na kucheka, nawe kwenye kiti chako unaomba wapunguze kiu. Hakuna anayekimbizwa wala bastola iliyotolewa.

Sasa tulirudie onyesho lako. Nitalijenga upya hapa hapa, maana kanuni tupu hazimsaidii mtu aliyekwisha kupiga picha zake.

Jambo la kwanza, litoe daftari kwenye droo. Kupekua hakuna hesabu. Mtazamaji hajui droo ziko ngapi, hajui daftari limo katika ipi, kwa hiyo hawezi kujua kama msichana amekaribia au bado. Anachoweza kufanya ni kungoja tu, na kungoja bila kipimo ni uchovu. Liweke juu ya meza, waziwazi. Badala ya kulitafuta, mpe kazi ya kulipiga picha: anataka kurasa 6, na namba zake zimeandikwa kwenye kipande cha karatasi alichokishika kiganjani. Tuonyeshe kipande hicho mara moja, kidole gumba kikiwa chini ya namba ya kwanza. Hiyo ni hesabu yetu ya kwanza, na inakwenda mbele.

Hesabu ya pili itakuwa ya bosi, nayo itarudi nyuma. Bosi asirudi ghafla. Arudi polepole, na mtazamaji awe wa kwanza kujua, kabla ya msichana, na ukiweza kabla ya bosi mwenyewe. Inawezekana. Msichana anaingia, tochi ya simu inapita juu ya meza: kalamu, kikombe kilichobaki na chai, daftari, na juu ya daftari miwani ya bosi iliyokunjwa. Anaichukua miwani na kuiweka kando, upande wa kulia. Usiisisitize. Sekunde 2, mkono na miwani, basi. Kata uende nje. Bosi yuko ndani ya gari, injini inanguruma, ujumbe umeingia kwenye simu yake. Anaisogeza simu karibu na uso. Anaisogeza mbali. Anakunja macho. Mkono unakwenda kwenye mfuko wa shati, unapapasa.

Hapo kaa kimya. Asiseme "miwani yangu!" Asijipige kwenye paji la uso. Mtazamaji ameiona miwani muda si mrefu uliopita, kwa hiyo anajua iliko kabla mwenyewe hajakumbuka, na zile sekunde 3 au 4 kati ya mkono kupapasa na injini kuzimwa ni zake yeye. Anamwomba bosi asikumbuke. Kisha injini inazimika.

Umeona nilichofanya: nimegawa habari. Mtazamaji anajua jambo ambalo mhusika halijui. Ukigeuza, mhusika akajua kuliko mtazamaji, unapata fumbo, na fumbo ni tamu lakini linamfanya mtu ajiulize nini kilitokea. Taharuki humfanya ajiulize kitakachotokea, tena mara nyingi amekwisha kukijua na anachogombea ni lini. Mgawo huo wa habari nao usiuache ukae hivyo hadi mwisho. Katikati ya onyesho lazima msichana naye ajue, vinginevyo tutaanza kumwona mjinga. Na atajua kwa masikio.

Sauti ndiyo sehemu ninayotaka uishughulikie kwa makini zaidi, na ndiyo waanzaji wengi wanaiachia hadi siku ya mwisho ya uhariri. Anza onyesho mapema kidogo kuliko ulivyoanza. Msichana amejibanza gizani kwenye korido, bosi anaondoka. Tusimwone bosi, tumsikie. Funguo zinagongana anapofunga ofisi. Hatua zinashuka ngazi, kiatu kimoja kinalia. Mlango wa chuma wa chini unajibamiza. Sauti tatu kwa mpangilio huo: funguo, ngazi, chuma. Mtazamaji hatajua kwamba ameingizwa darasani. Atadhani unamwonyesha tu mtu anayetoka kazini.

Akirudi, sauti zinageuka: chuma, ngazi, funguo. Mlango wa chuma ukijibamiza kwa mara ya pili, hakuna haja ya kumwonyesha bosi. Kila aliyekaa kwenye kiti anajua zimebaki sauti mbili. Hatua zikinyamaza, imebaki moja. Umejenga saa ya chumbani bila kutundika saa, na hukutumia gharama yoyote zaidi ya kinasa sauti na kiatu kinacholia.

Tuziunganishe hesabu mbili. Msichana ana ufunguo wa akiba. Ameingia, ameurudisha mlango nyuma yake, lakini hakuufunga kwa ufunguo. (Tuonyeshe hilo pia kwa haraka, litatufaa baadaye.) Anapiga picha ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa wepesi wa mtu anayejiamini, kidole gumba kinashuka kwenye kile kipande cha karatasi. Katika ukurasa wa tatu, chuma inalia chini. Anainua kichwa. Yeye naye aliisikia sauti hiyo pale koridoni, kwa hiyo anaelewa wakati uleule tunaokumbuka sisi.

Hapa mpe nafasi ya kuchagua. Anaweza kuondoka sasa hivi akiwa na kurasa 3. Anautazama mlango, anatazama kipande cha karatasi. Anafungua ukurasa wa nne. Uchaguzi huo una thamani kuliko kukimbia kokote. Mtu aliyenaswa kwa bahati mbaya tunamhurumia, lakini aliyechagua kubaki tunabaki naye, na kila sekunde inayopita ni yake na yetu.

Kuhusu swali lako la kutoegemea hadithi nzima, hapa ndipo jibu lilipo. Hadithi inasaidia, lakini ndani ya onyesho mtazamaji hushikamana na yeyote mwenye kazi ngumu mkononi anayoielewa. Hitchcock alilithibitisha kwa ukatili katika Psycho ya mwaka 1960. Kijana Norman anazamisha kwenye kinamasi gari lenye maiti. Linazama, linazama, kisha linakwama huku paa bado linaonekana. Norman anatazama huku na huku. Na wewe, uliyekuwa unamlilia marehemu dakika chache tu zilizopita, unajikuta unataka gari limalizike kuzama. Likizama, unapumua. Ukishapumua ndipo unajiuliza umekuwa mtu wa namna gani. Kama mtazamaji anaweza kumsaidia muuaji kuficha maiti kwa sababu tu ya kazi iliyoanza na haijaisha, hashindwi kumsaidia msichana wako kupiga picha kurasa 6, hata kama hajui wizi wenyewe ulikuwa wa kiasi gani.

Tuendelee. Hatua zinapanda ngazi. Katika hali halisi, ghorofa moja ni kama sekunde 15 au 20. Kwenye filamu unaweza kuzivuta zikawa 40, na hakuna atakayelalamika, kwa sharti moja: kila ukirudi kwa msichana, kitu kiwe kimebadilika. Ukurasa wa nne umegandana na wa tano, anautenganisha kwa ukucha. Unarudi kwenye ngazi. Unarudi kwake: picha ya nne imetoka na ukungu, anairudia. Ukikata kwenda kwenye ngazi na kurudi ukamkuta palepale na kitu kilekile, mtazamaji atagundua kwamba unamchelewesha makusudi, na hapo kamba inakatika. Kuvuta muda ni halali, kuudanganya si halali, na mpaka kati ya hivyo viwili ni mabadiliko hayo madogo. Na tafadhali, simu isiishiwe chaji. Tumeiona mno.

Katikati ya kupanda, ziache hatua zisimame. Bosi amepigiwa simu, amesimama ngazini, anaongea, anacheka. Nimeiweka hiyo kwa sababu taharuki isiyo na tumaini hugeuka huzuni. Mtazamaji akiona hakuna njia kabisa, anajitoa mwenyewe, anakaa pembeni na kungoja balaa lipite. Kicheko kile cha ngazini kinampa nafasi: labda ataitwa kwingine, labda atageuka. Ukurasa wa tano unapatikana katika utulivu huo. Kisha "haya, usiku mwema", na kiatu kinaanza kulia tena. Upande gani? Sekunde moja hatujui. Kinapanda.

Kamera sasa. Hiyo ya kutikisika iache. Mtikisiko unamwambia mtazamaji kuna fujo, na fujo ni adui wa hesabu: huwezi kupima umbali wa mlango ambao hauonekani sawasawa. Weka kamera kwenye miguu mitatu. Mweke msichana mbele ya fremu, ameinamia meza, na nyuma yake kwenye fremu hiyohiyo uonekane mlango na mstari wa mwanga chini yake. Usikate. Katika fremu hiyo jicho la mtazamaji litafanya uhariri lenyewe, litaruka kutoka mikononi kwenda mlangoni na kurudi, na litaruka kwa kasi ya mapigo ya moyo wake mwenyewe. Kasi hiyo hakuna mhariri anayeipata kwa mkasi. Kivuli kikipita kwenye ule mstari wa mwanga, utasikia watu ukumbini wakivuta pumzi.

Watu hudhani taharuki inatokana na mikato mingi. Orson Welles alianza Touch of Evil, filamu ya mwaka 1958, kwa shoti moja ya zaidi ya dakika 3 isiyokatwa hata mara moja. Mkono unaweka muda kwenye bomu, bomu linaingizwa kwenye buti la gari, gari linaondoka, kamera inapaa juu ya mapaa na kushuka mitaani, na wapita njia wanatembea kandokando ya gari hilo, wanaliacha, linawakuta tena. Kwa kuwa hapakatwi, muda wa bomu na muda wetu ni mmoja, na hakuna mahali pa kukwepea. Sisemi nawe upige hivyo, inahitaji mashine na watu wengi na mazoezi ya usiku kucha. Nasema tu kwamba kila ukikata, jiulize kama hukumpa mtazamaji mlango wa kutokea.

Uchaguzi wa lenzi nao unabadilisha hesabu. Lenzi ndefu huusogeza mlango hadi uonekane umemgusa msichana mgongoni. Lenzi pana huonyesha nafasi kubwa kati yao. Mimi ningeanza na pana wakati bosi yuko chini, nikamalizia na ndefu akiwa koridoni, bila kuwahamisha hata hatua moja. Picha za karibu kabisa ziwekee akiba. Ukizitumia kwa kila kitu, siku unayotaka kuonyesha jambo moja kubwa hutakuwa na namna ya kulikuza. Katika onyesho hili ningetumia mbili tu: kidole kwenye namba ya sita, na nyingine nitaitaja.

Muziki uondoe wote. Najua inauma, hasa kama umemlipa mtu. Mimi nililijua hili kwa aibu. Katika moja ya filamu zangu za mwanzo nilikuwa na onyesho la mtu kajificha chini ya kitanda, nililolijaza ngoma na nyuzi kila upande. Siku ya kuionyesha kwa marafiki, njia ya muziki ilisahaulika imezimwa. Nilikuwa karibu kusimama kusitisha, nikaona ukumbi mzima umetulia kimya, hakuna hata kiti kilicholia. Kilichowashika kilikuwa pumzi ya mwigizaji na mbao za sakafu. Muziki wangu wote ule ulikuwa unawafunika wasisikie hatari. Baadaye ndipo nilipoitazama Rififi ya Jules Dassin, ya mwaka 1955, yenye onyesho la wizi la karibu nusu saa lisilo na neno wala noti ya muziki, nikaona kwamba nilichokigundua kwa ajali wengine walikuwa wamekijua kabla sijazaliwa.

Mwigizaji wako mwambie asiigize hofu. Aigize mtu anayejitahidi kumaliza kazi vizuri. Macho ya kutoa na midomo ya kutetemeka ni muziki mzito kwa namna nyingine: yanamwamuru mtazamaji ahisi. Mikono yake ikiwa na utaratibu, hata iwe na upole mno kwenye ile karatasi iliyogandana, sisi ndio tutakaotetemeka kwa niaba yake.

Hatua zimefika koridoni, zimenyamaza. Imebaki sauti moja. Ukurasa wa sita bado. Waongozaji wengi huona hapa ndipo onyesho linapoishia: mlango unafunguka, paap, giza. Wewe pia, nadhani, uliishia hapo. Mimi naona nusu tamu zaidi ndiyo inaanza.

Funguo zinalia. Ufunguo unaingia tunduni, unajaribu kuzunguka, unagoma, maana mlango haukufungwa. Kimya. Bosi nje sasa anajua jambo ambalo dakika moja iliyopita hakulijua, na msichana anajua kwamba amelijua. Picha ya sita. Analifunga daftari. Halafu, badala ya kujificha nyuma ya pazia kama wahusika wote wa dunia hii, anakwenda ukutani na kuwasha taa. Anachukua kile kikombe cha chai mezani.

Mlango unafunguka.

"Bado hujaondoka?"

"Naondoka sasa hivi, bosi. Nilikuwa nakusanya vikombe."

"Peke yako?"

"Ndiyo, bosi."

Maneno manne matano ya kawaida, na chini yake kuna bomu. Quentin Tarantino alifanya hivi kwa muda mrefu sana katika onyesho la kwanza la Inglourious Basterds, mwaka 2009: ofisa wa Kinazi amekaa kwa mkulima wa Ufaransa, ana adabu, anaomba maziwa, anayasifu. Mazungumzo yanakwenda polepole kabisa, hadi kamera inaposhuka kupita sakafu na kutuonyesha familia ya Kiyahudi iliyojilaza chini ya mbao, imeziba midomo. Baada ya hapo ofisa habadilishi tabia, bado ana adabu ileile, ila kila "tafadhali" yake inatoboa. Angalia kwamba kamera haikushuka mwanzoni wala mwishoni. Ilishuka katikati, tulipoanza kumzoea mgeni.

Kwako wewe, kamera imekwisha kushuka zamani. Mtazamaji anajua kila kitu. Kwa hiyo bosi asiulize swali hata moja la maana. Anakwenda mezani. Mkono unanyooka kuchukua miwani juu ya daftari, pale alipoiacha, bila hata kutazama, kama mtu anavyonyoosha mkono kwenye swichi ya chumbani kwake. Kiganja kinatua juu ya jalada tupu. Hiyo ndiyo picha yangu ya pili ya karibu kabisa: kiganja, jalada, na hakuna miwani. Ikae. Kisha anageuza shingo, anaiona upande wa kulia. Anaichukua. Anaifungua mkono mmoja wa miwani, kisha wa pili. Anaivaa. Na sasa, kwa mara ya kwanza tangu onyesho lianze, anaona vizuri.

Je, amjue au asimjue? Hilo ni lako, ila usilipe kwa hila. Katika Sabotage ya mwaka 1936, Hitchcock alimpa mtoto kifurushi chenye bomu akivuke nacho mji, akatuonyesha saa tena na tena, akamchelewesha njiani, kisha akamlipua pamoja na basi zima. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba lilikuwa kosa, kwa kuwa watu walikuwa wamempenda mtoto na walikasirika. Nakubaliana naye nusu. Nadhani watu huweza kumeza mwisho mchungu, wakipewa nafasi ya kuuona unakuja na mtu wa kuubeba pamoja nao. Ukiamua bosi amjue, tuonyeshe msichana ameona kwamba amejulikana. Ukiamua asimjue, asitoke kwa bahati. Atoke kwa sababu alikuwa ameshika kikombe.

Onyesho hili jipya litakuwa na dakika 5 hivi, refu kuliko lako, na nakuhakikishia litaonekana fupi. Mengi unayo tayari. Unahitaji kupiga upya bosi ndani ya gari, sehemu ya mezani kuanzia miwani hadi taa kuwashwa, na mazungumzo ya mwisho. Sauti za funguo, ngazi na chuma zirekodi peke yake, jengo likiwa tupu, kila moja mara kadhaa kutoka umbali tofauti: uliposimama mlangoni, katikati ya korido, na ndani ya ofisi mlango ukiwa umefungwa. Hizo za ndani ya ofisi ndizo utakazotumia zaidi, kwa sababu ndiko aliko msichana.